Kwasari Pacha Q0957+561: mwongozo kamili wa kuipima kwa nuru na kwa redio

Kwenye kundi la Dubu Mkubwa, jirani na galaksi NGC 3079, kuna vinukta viwili vya kibuluu vya mag 17 hivi (mag ni kipimo cha mwangaza: namba ikikua, nuru inapungua), vilivyoachana kwa sekunde 6 za tao. (Nyuzi moja ina dakika 60 za tao, na kila dakika ina sekunde 60, upana wa mwezi mpevu ni kama sekunde 1,800.) Ukivitazama kwenye picha utasema ni nyota mbili majirani. Kumbe ni kitu kimoja: kwasari, yaani kiini king'aavu cha galaksi ya mbali mno, ambayo nuru yake imepita pande mbili za galaksi nyingine iliyokaa njiani na kutufikia mara mbili. Galaksi hiyo ya njiani ndiyo lenzi. Uzito wake unaipinda nuru, nasi tunaona pacha A na pacha B.

Kila mwanzo wa mwaka naipiga picha kwasari hii kutoka viunga vya Nanyuki, na mtu akiniuliza aanze na lenzi gani ya mvutano, namtajia hii bila kusita. Inampa nafasi ya kupima kwa mkono wake jambo zito: uwiano wa mwangaza wa B kwa A. Mvutano haubagui urefu wa mawimbi. Unapinda nuru ya buluu, nuru nyekundu na redio sawasawa, kwa hiyo uwiano ulipaswa kuwa mmoja kokote. Lakini kwa redio ni karibu 0.75, na kwa nuru ni karibu 1. Tofauti hiyo ni ya mag 0.3, kubwa kiasi kwamba darubini ya sentimita 20 inaitosha. Upande wa redio utatumia data za bure zilizokwisha kupigwa na madishi makubwa. Lengo la mwongozo huu ni kukufikisha kwenye namba hizo mbili, na ujue kwa nini hazifanani.

Ijue kabla hujaigusa

Ilianzia kwenye redio. Dennis Walsh wa Jodrell Bank, Uingereza, alikuwa akifuatilia vyanzo vilivyopatikana kwenye upekuzi wa anga wa masafa ya megahezi 966, akitafuta kila kimoja kinalingana na kitu gani kwenye picha za nuru. Mwisho wa Machi 1979, yeye na Robert Carswell walielekeza darubini ya mita 2.1 ya Kitt Peak, Arizona, kwenye vinukta hivi viwili. Wigo wa kwanza, yaani nuru iliyotawanywa kwa rangi zake, ulionyesha kwasari. Wa pili ukaonyesha kwasari ileile: mistari ileile, mhamo mwekundu uleule wa 1.41, yaani mawimbi yamerefushwa mara 2.41 njiani. Pamoja na Ray Weymann walichapisha matokeo Mei mwaka huohuo, na hiyo ikawa lenzi ya mvutano ya kwanza kuthibitishwa nje ya mfumo wa Jua.

Halafu redio ikaleta utata. Madishi ya VLA kule New Mexico yalipoipiga, A ilionekana na jeti (mkondo wa gesi unaorushwa kutoka kwenye kiini) na mabonge kando yake, B ikakaa peke yake bila chochote cha kufanana. Pacha gani hao? Jibu lilikuja baada ya galaksi ya lenzi kuonekana kwa nuru, Hawaii na Palomar: ina mhamo mwekundu wa 0.36, imekaa sekunde 1 tu ya tao kutoka kwa B, na imezungukwa na kundi la galaksi linalosaidia kupinda. Lenzi inarudufu kilicho ndani ya eneo dogo tu nyuma yake. Viini vya kwasari vimo ndani ya eneo hilo. Mabonge ya jeti yamo nje, kwa hiyo yanaonekana mara moja tu. Redio ilileta swali, nuru ikalijibu. Kwenye somo hili mambo huenda hivyo mara nyingi, na ndiyo maana nakusihi usiishie upande mmoja.

Kitu cha mwisho cha kukumbuka ni ucheleweshaji. Njia mbili za nuru hazilingani urefu, na A hutangulia. Kwa miaka mingi watafiti walibishana kama B inachelewa siku 415 hivi au 536. Desemba 1994 pacha A ilififia ghafla kwa takriban mag 0.1 kwenye filta ya g, ya buluu-kijani. Kundi la Tomislav Kundić likatangaza mapema: kama jibu ni lile fupi la siku 415 hivi, B itafanya vivyo hivyo Februari 1996. Ikafanya. Leo tunatumia siku 417, kosa lake likiwa siku 3.

Mahali na majira

Deklinesheni ya kwasari, yaani umbali wake kutoka ikweta ya anga, ni nyuzi 55 na dakika 54 kaskazini, na kwetu hicho ndicho kikwazo cha kwanza. Nanyuki, penye ikweta, inafika nyuzi 34 tu juu ya upeo wa macho. Nairobi ni 33, Dar es Salaam 27. Aliye Muscat inampandia hadi 58, na walioko Ulaya na Marekani inawapita karibu na utosi. Kwa nyuzi 34 nuru inapita kwenye hewa yenye unene wa karibu mara 1.8 ya ile ya utosini, kwa hiyo chagua sehemu ambayo kaskazini ni wazi kabisa, bila miti wala taa za mji. Nanyuki imenifaa kwa sababu Mlima Kenya uko kusini-mashariki na upande wa kaskazini ni tambarare za Laikipia.

Kwa saa za Afrika Mashariki, ukiwa maeneo ya Mlima Kenya, kwasari inavuka meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini) kama saa nane na nusu usiku tarehe 20 Januari, saa sita na nusu tarehe 20 Februari, na saa tano kasoro tarehe 20 Machi. Piga saa mbili kabla na saa mbili baada ya hapo. Nje ya dirisha hilo inashuka chini ya nyuzi 29 na hewa inaharibu kila kitu. Aprili ingekuwa tamu kwa saa, ila masika haina huruma. Januari na Februari, siku zisizo na mwezi, ndizo za kushika.

Kama uko Mbeya au Lubumbashi, usijitese na kitu kinachotambaa chini ya nyuzi 26. Una njia mbili. Ya kwanza ni darubini za mbali: mtandao wa Las Cumbres una darubini Tenerife, Texas na Hawaii, na huwapa shule na vikundi muda kupitia washirika wake wa elimu. Ya pili ni kuhamia kwenye lenzi ya kusini, HE 1104−1805, yenye deklinesheni ya −18 na pacha walioachana kwa sekunde 3.2; ni ngumu zaidi kuwatenganisha lakini inapanda juu sana. Kuna na PKS 1830−211 kwenye Mshale, ambayo kwa redio ni miongoni mwa lenzi zinazong'aa kupita zote, na B yake inachelewa kama siku 26 tu. Inapita karibu na utosi wa Tanzania. Lakini kwa nuru ya macho imefukiwa na vumbi la Njia Nyeupe, kwa hiyo nusu ya kazi yetu haiwezekani. Nabaki na Q0957.

Vifaa

Darubini ya sentimita 20 au zaidi, stendi ya ikweta yenye mota, kamera ya rangi moja yenye kupozwa, na filta mbili: g (buluu-kijani) na r (nyekundu). Kwa macho matupu kwenye lenzi ya jicho utahitaji kioo cha sentimita 40 na anga jeusi, na hata hapo utaona doa la kubahatisha. Kamera ndiyo chombo.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya pikseli. Chukua 206.265, zidisha kwa upana wa pikseli kwa mikromita, gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Pikseli ya 3.76 kwenye darubini ya milimita 1,500 inakupa sekunde 0.52 kwa pikseli, na pacha wataachana kwa pikseli 12. Kwenye milimita 800 utapata 0.97, pikseli 6 hivi, na bado inafaa. Ukishuka chini ya milimita 800, pacha wanaanza kugusana.

Programu zote ni za bure: Siril ya kupanga na kujumlisha fremu, ASTAP ya kutambua darubini inaangalia wapi, AstroImageJ ya kupima mwangaza, Aladin na DS9 za kulaza picha moja juu ya nyingine, CARTA ya kutazama picha za redio, na CASA ukitaka kuchakata data ghafi ya VLA.

Kuitafuta

Kwenye ikweta nyota ya Kaskazini iko kwenye upeo wenyewe, na kusini mwa hapo haionekani kabisa, kwa hiyo usahau kupanga stendi kwa kuilenga. Tumia njia ya nyota tatu au kipengele cha programu kinachopima mhimili kwa picha zilizopigwa pembe mbalimbali. Tenga nusu saa kwa kazi hii, na usiiharakishe; fremu zenye nyota zilizovutika hazitakusaidia kutenganisha sekunde 6.

Kwa macho, Dubu Mkubwa kwetu anasimama kichwa chini upande wa kaskazini. Tafuta Merak, ile iliyo juu kati ya zile nyota mbili zinazoelekeza kwenye nyota ya Kaskazini. Ina deklinesheni inayokaribiana sana na ya kwasari, na imekaa saa moja mashariki yake. Maana yake ni kwamba Merak ikifika meridiani, kwasari imeshapita saa moja nyuma. Kwa kuruka nyota, anza Phi ya Dubu Mkubwa, nenda nyuzi 2 hivi kaskazini-mashariki mpaka upate NGC 3079, galaksi inayoonekana kiubavu kama kijiti cha nuru. Kwasari iko dakika 13 za tao kaskazini mwa galaksi hiyo na dakika 5 magharibi. Kwa anayetumia kompyuta: saa 10, dakika 1, sekunde 20.7, nyuzi +55, dakika 53, sekunde 55 kwa A, na B iko sekunde 6 kusini na 1 mashariki.

Galaksi na pacha wanaingia kwenye fremu moja. Hilo nalipenda sana, maana galaksi inakuthibitishia mahali bila shaka yoyote.

Kupiga picha, na tatizo la hewa

Mara yangu ya kwanza nilipiga bila filta ili nipate nuru nyingi. Nilipojumlisha fremu, sikuona vinukta viwili. Niliona mstari mmoja mnene uliosimama wima, una kiuno katikati. Nililaumu fokasi usiku mzima. Haikuwa fokasi. Hewa inapinda nuru ya buluu kuliko nyekundu, na kwa nyuzi 34 kila nyota inakuwa kijiwigo kilichosimama, chenye urefu wa karibu sekunde 2 za tao kutoka buluu hadi nyekundu. Sasa fikiria pacha wetu walivyokaa: A kaskazini, B kusini, karibu mstari mnyoofu. Kwasari ikiwa meridiani, kaskazini ni chini kuelekea upeo wa macho. Kwa hiyo A iko chini, B iko juu, na hewa inazitanua zote mbili kufuata mstari uleule unaoziunganisha. Filta hapa ni lazima.

Filta ipi? Hapa pana mvutano wa aina nyingine. Filta ya r inapunguza madhara ya hewa, lakini galaksi ya lenzi ni nyekundu na imejibanza kwa B, kwa hiyo katika r unapima B pamoja na galaksi na B inaonekana ng'avu kuliko ilivyo. Filta ya g inaipunguza sana nuru ya galaksi, ila hewa inaisumbua zaidi. Mimi napiga zote mbili usiku uleule na kutegemea g kwa jibu. Uwiano wa r ukizidi wa g, sehemu kubwa ya ziada hiyo ni galaksi, na umeigundua lenzi yenyewe bila kuiona.

Fremu za sekunde 60, angalau 60 kwa kila filta, zinatosha kwa kioo cha sentimita 20 kwenye anga jeusi. Sogeza darubini kidogo kila fremu kumi ili kasoro za kamera zisirundikane mahali pamoja. Piga fremu za giza, kifuniko kikiwa juu, kwa muda uleule na jotoridi lilelile. Na fremu za flati, za kusawazisha mwanga kwenye picha, wakati wa machweo, darubini ikiangalia anga tupu. Angalia fokasi upya kila saa, kwa sababu usiku wa nyanda za juu unapoa haraka. Kisha, kabla ya kujumlisha, tupa fremu ambazo nyota zake ni pana kuliko sekunde 3.5. Inauma kutupa theluthi ya kazi ya usiku, lakini fremu mbaya zinamwaga nuru ya A ndani ya B.

Kupima uwiano kwa nuru

Weka duara la kupimia lenye nusu kipenyo cha sekunde 2.5 hadi 3, lilelile kwa A na kwa B, katikati ya kila kimoja. Duara kubwa litameza jirani. Nuru inayobaki nje ya duara si hasara, maana pacha wote wanapoteza sehemu ileile na uwiano haubadiliki. Pete ya kupimia anga usiiweke kwa kufuata mazoea, kwa sababu pete ya A itapita juu ya B. Chagua sehemu tupu ya jirani, au tumia programu inayopima kwa umbo la nyota, ambayo kwa pacha hawa ni bora zaidi.

Kwa uwiano wa usiku mmoja huhitaji nyota ya kulinganishia kabisa. Lakini pima nyota mbili tatu za mag 15 hadi 17 ndani ya fremu hiyohiyo, uziandike namba zake kutoka kwenye katalogi ya Gaia au Pan-STARRS, kwa sababu mwakani utazihitaji. Ukipata mag za A na B, uwiano ni 10 kwa kipeo cha 0.4 mara tofauti ya A kutoa B. Tuseme A ni 17.02 na B ni 16.98: tofauti ni 0.04, uwiano ni 1.04. Kosa lipate kwa njia ya uaminifu: gawanya fremu zako mafungu ya kumi kumi, pima kila fungu peke yake, uone namba zinavyotawanyika. Ukibaki ndani ya mag 0.05 uko salama, kwa kuwa tunachotafuta ni 0.3.

Upande wa redio

Dishi la nyumbani halitakufikisha. Pacha hawa wana makumi machache ya milijanski (kipimo kidogo cha nguvu ya redio) kila kimoja, na hata kama dishi lingekuwa na usikivu, lisingewatenganisha. Upana wa jicho la dishi ni urefu wa wimbi kugawa kwa kipenyo. Dishi la mita 3 kwa wimbi la sentimita 21 linaona duara la nyuzi 4 hivi. Kutenganisha sekunde 6 kwa wimbi la sentimita 6 unahitaji kipenyo cha kilomita 2. Ndiyo sababu VLA inaunganisha madishi 27 ya mita 25 yaliyotandazwa jangwani, na kuyasogeza kwenye reli: mpangilio wa A unafika kilomita 36, wa B 11, wa C 3.4, wa D kilomita 1 tu.

Anza na picha zilizo tayari, na hapa uchague kwa makini. Mimi nilianza na upekuzi wa NVSS nikaona doa moja la mviringo; jicho lake ni la sekunde 45, lisingeweza kuonyesha zaidi. FIRST, yenye sekunde 5, inavuta doa liwe refu bila kulikata. Unayoitaka ni VLASS, upekuzi ulioanza 2017 kwa masafa ya gigahezi 2 hadi 4, wenye jicho la sekunde 2.5 na uliopangwa kurudia anga mara tatu kwa nafasi ya miezi 32 hivi. Huduma ya vipande vya picha ya CIRADA inakukatia eneo dogo ukiandika kuratibu; omba dakika 2 za tao, faili ni ndogo na haili bando.

Fungua kipande hicho kwenye CARTA. Utaona A, utaona B kusini yake, na utaona mabonge ya jeti upande wa A. Soma kilele cha A na kilele cha B, gawanya. Picha za haraka za VLASS zina kasoro kidogo ya kipimo cha nguvu, lakini pacha waliokaa sekunde 6 tu wanaathirika sawasawa, kwa hiyo uwiano unabaki. Kinachoweza kukupotosha ni jeti: kwa jicho la sekunde 2.5 mwanzo wake unachanganyika na A na kuiongezea, na uwiano unashuka chini ya 0.75. Usishangae ukiona hivyo.

Anayetaka kusafisha zaidi aingie kwenye hifadhi ya data ya NRAO, taasisi inayoendesha VLA, na kutafuta uangalizi wa VLA wa wimbi la sentimita 6 au 4, mpangilio wa A. Data za zamani ni rafiki wa mwenye intaneti ya simu: zilirekodiwa kwa upana mdogo wa masafa, na usiku mzima unaweza kuwa makumi ya megabaiti, wakati za sasa ni gigabaiti nyingi. Ndani ya CASA kazi ni hii: ondoa data mbovu, rekebisha nguvu kwa chanzo cha kupimia, 3C 286 au 3C 48, rekebisha awamu kwa chanzo angavu cha jirani kilichopigwa kati ya vipindi, kisha tengeneza picha kwa tclean. Kwa mpangilio wa A na sentimita 6 tumia pikseli ya sekunde 0.07, picha ya pikseli 1,024, na uzani wa Briggs wenye robust 0. Ukishapata picha ya kwanza, itumie kurekebisha awamu kwa mara ya pili. Kelele inashuka na jeti inajitokeza kama uzi uliotoka kwa A.

Tahadhari moja kwa wanaochagua sentimita 20: NGC 3079, galaksi ileile iliyokuongoza, inanguruma kwa redio, na kwa wimbi hilo imo ndani ya uwanja wa kuona wa VLA. Usipoiingiza kwenye picha na kuisafisha, mawimbi yake yatapita juu ya pacha wako kama mistari ya mkeka.

Kuzilaza pamoja

Ndani ya Aladin fungua picha yako ya g iliyokwisha kutambuliwa na ASTAP, kisha picha ya redio, na uigeuze ya redio kuwa mistari ya kontua. Viini vya redio vinapaswa kukaa juu ya vinukta vya nuru kwa usahihi wa nusu sekunde. Visipokaa, kosa liko kwenye utambuzi wa nyota, si mbinguni. Kisha angalia mabonge ya jeti: kwa nuru hapo ni patupu. Picha hiyo ya kontua juu ya weusi mtupu ndiyo iliyowasumbua watu wa 1979, na bado inanisisimua.

Sasa namba mbili. Galaksi ya lenzi imejaa nyota, na nyota moja moja nazo ni lenzi ndogo zinazoweza kuongeza au kupunguza mwangaza wa pacha mmoja bila kumgusa mwingine. Athari hiyo inategemea ukubwa wa chanzo. Nuru ya kwasari inatoka kwenye sahani ya moto yenye upana wa siku-nuru tu (umbali ambao nuru husafiri kwa siku), ndogo kiasi cha kuchezewa na nyota moja. Redio inatoka eneo pana zaidi, na kwake nyota moja ni kama chawa kwenye blanketi. Mawingu ya gesi yanayotoa mistari ya wigo nayo ni mapana, na uwiano wa mistari hiyo katika A na B ni uleule wa redio, 0.75. Kwa hiyo 0.75 ndiyo kazi ya galaksi nzima, na kilichozidi kwenye nuru ni kazi ya nyota zake.

Msimu wa pili

Uwiano wa usiku mmoja una dosari: umelinganisha A ya leo na B ya siku 417 zilizopita, na katikati yake kwasari inabadilika. Sahihi ni kuchukua A ya msimu huu na B ya msimu ujao, ukizifunga zote kwenye nyota zilezile za kulinganishia. Siku 417 ni mwaka mmoja na siku 52. A ya tarehe 20 Januari inangoja B ya tarehe 13 Machi ya mwaka unaofuata, mlangoni mwa masika. Kwa redio fanya vivyo hivyo: tafuta kwenye hifadhi jozi ya tarehe zinazokaribia nafasi hiyo, zote za mpangilio wa A au B, na ujue mapema kwamba mzunguko wa VLA wa miezi 16 hauko upande wako.

Andika kila muda kwa UTC, taja filta, jotoridi la kamera na upana wa nyota, na utunze fremu ghafi mahali pawili. Usiku wa Machi usiupange mmoja. Panga siku kumi kila upande wa tarehe, kwa kuwa kwasari kwa kawaida hubadilika polepole na wiki moja haikuharibii hesabu. B yangu ya kwanza niliipata usiku wa sita wa kungoja. Mawingu yaliachia upande wa Isiolo kwa dakika 50, na nyasi zilikuwa zimelowa tayari. Nilitoka na fremu 40 za g, nikazigawa mafungu manne, nikaanza kupima kabla ya kukunja stendi.